Barafu Kwanza

Katika maabara ile kulikuwa na amri moja ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo iliyoshikwa kuliko zote zilizobandikwa mlangoni: barafu kwanza. Chochote kilichotoka kwenye mwili wenye uhai, tone la damu au kipande cha ini la panya, kiliingia kwenye barafu kabla mtu hajavaa koti, kabla hajasalimia wenzake. Profesa mkuu wa maabara alikuwa na msemo wake: protini ni kama samaki, ukizembea zinaoza, na harufu haimsingizii mtu. Wanafunzi wakampa jina la Mzee Barafu. Naye alilijua, na siku akiwa na furaha aliliitikia.

Asubuhi hiyo Mzee Barafu alikuwa na furaha. Alimkuta Maswali kwenye hadubini, akitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota pete.

Maswali ndiye aliyekuwa mgeni kuliko wote humo. Shahada yake ilikuwa bado inanukia wino, na jina hilo alilipata wiki ya kwanza, kwa sababu hakuweza kupita mbele ya mashine bila kuuliza inafanya nini na kwa nini isifanye vingine. Alichunguza silia. Dada yake alipomuuliza silia ni mdudu gani, alimwambia ni vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vimejaa puani na mapafuni, kazi yake kufagia. Vumbi, makamasi, vijidudu, vyote husukumwa juu mpaka kooni, mtu akameza au akatema.

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo uje uchunguze makamasi," dada alisema.

"Nachunguza ufagio, dada."

Walicheka. Chumba cha pili mtoto wa dada naye alicheka kwa kusikia wenzake wanacheka, na kicheko chake kikaishia pale kilipoishia siku zote: kwenye kikohozi kirefu chenye maji maji, mpaka mama yake akaenda kumshika kifua. Ndiyo maana walimwita Kicheko. Alizaliwa anakohoa. Pua yake haikuwahi kukauka, masikio yake yalitoa usaha kila mara, na sasa picha za kifua zilionyesha kwamba sehemu ya chini ya pafu la kushoto imeharibika. Daktari wa upasuaji alisema ikatwe kabla uozo haujapanda juu. Siku ya kukata ilikuwa ndiyo hii, mchana.

Maswali alikuwa na wazo lake. Vipi kama pafu halikuoza lenyewe, bali limekosa mfagiaji? Vipi kama silia za Kicheko, zote, puani, masikioni, mapafuni, zina kasoro moja ya kuzaliwa? Basi kukata sehemu ya chini ni sawa na kubomoa chumba kichafu katika nyumba isiyo na ufagio. Kesho uchafu utajaa chumba cha pili.

Alilipeleka wazo hilo kwa daktari wa upasuaji, mama mmoja mwembamba asiyependa kukaa. Daktari alimsikiliza akiwa amesimama.

"Ugonjwa huo naujua," alisema. "Karibu nusu ya wenye nao moyo wao uko kulia. Wa mtoto huyu uko kushoto, mahali pake."

"Si aina zote, daktari. Zipo ambazo..."

"Nionyeshe. Maneno hayaingii chumba cha upasuaji. Nionyeshe kabla ya zamu yake, nami nitaweka kisu chini. Sina ugomvi na wewe, binti."

Basi asubuhi na mapema Maswali alikwenda wodini, muuguzi akampitishia Kicheko kiburashi chembamba puani, mtoto akapiga chafya na kuwatukana wote wawili "panya nyie", na zile chembe zilizokwaruzwa zikaletwa maabara. Chini ya hadubini silia zilionekana wazi, zimesimama mstari kama majani ya uwanja kwenye picha. Hakuna hata moja iliyotikisika. Maswali alirekodi kwenye simu, akakimbia, akamwonyesha daktari kwenye ukumbi. Daktari aliitazama mara ya kwanza, akaitazama ya pili.

"Zimekufa ganzi," alisema. "Haya. Naahirisha."

Dada alilia mpaka skafu ikalowa. Maswali alirudi maabara akiwa mwepesi kama unyoya, na mabaki ya zile chembe akayafanyia kile kinachofanyiwa mabaki yote humo: akayasaga ili apate protini.

Hapo ndipo Mzee Barafu alipoingia.

"Nimesikia," alisema, akiinama kwenye skrini. "Safi sana. Picha haina hata doa. Bila shaka uliziwahi na barafu?"

"Ndiyo, Profesa. Palepale wodini. Nilikwenda na kasha."

"Huyo ndiye mwanafunzi wangu. Barafu kwanza." Akampiga begani, akaenda zake.

Maswali alibaki na tabasamu mdomoni kwa muda, kama mtu aliyesahau kulitoa. Kisha likatoka lenyewe.

Protini iliyokufa hupenda baridi. Lakini silia ile haikuwa ya kusagwa. Ilikuwa ya kutazamwa ikiwa hai, ikifanya kazi. Na kitu kinachoishi ndani ya pua ya mtu, kwenye joto la pumzi, ukikitumbukiza kwenye barafu kitafanya nini? Wenye kazi ya kutazama pua za watu kila siku wasingefanya kosa hilo hata wakiwa usingizini. Ni watu wa protini tu ambao mkono wao unakwenda kwenye barafu wenyewe, bila kumuuliza mwenye mkono. Mazoea yana taabu.

Alitazama lile kasha mezani. Lilikuwa limeacha duara la maji.

Hakumwita mtu. Alichukua kiburashi kipya, akakiingiza katika pua yake mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, akaweka chembe zake kwenye barafu, akasubiri, akazihamishia kwenye kioo chembamba, akazitazama. Silia zake zilikuwa zimesimama mstari. Hakuna hata moja iliyotikisika.

Kwa kipimo kile, yeye ambaye hajawahi kulazwa hospitali maishani mwake alikuwa mgonjwa.

Akakibana kile kioo chembamba katikati ya viganja vyake, akakipulizia pumzi kama anayefufua moto. Aliporudi kwenye hadubini, moja ilikuwa inatetemeka. Ikafuata jirani yake. Kisha kundi, kisha zote, wimbi juu ya wimbi. Alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri hivyo kikimtia hofu kiasi hicho. Na chembe za Kicheko alikuwa ameshazisaga. Hakuna cha kupasha joto.

Alikimbia wodini. Wazo la kunyamaza lilimkuta njiani, kwenye ngazi, nalo lilikuja limevaa nguo za huruma. Nani angejua? Daktari ameshaahirisha. Dada ameshafuta machozi. Labda silia za mtoto kweli ni mbovu, na barafu haikubadilisha kitu. Labda. Neno hilo lilipanda naye ngazi zote.

Alipofungua mlango wa wodi alimkuta dada amekaa kitandani, amepakata bahasha ya mkate, amekata kipande kinene na kukipaka siagi. Kicheko, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana usiku kwa ajili ya upasuaji, alikuwa amefungua mdomo kama kinda la ndege.

"Dada, usimpe!"

Watu wa vitanda vya jirani waligeuka. Mkono wa dada ulisimama hewani.

"Nisimpe nini? Ameahirishiwa. Mtoto ana njaa tangu jana."

"Njoo hapa kidogo."

"Sema hapohapo. Umekuwa mweupe kama ukuta."

Maswali alisema, kwa sauti ya chini, akiangalia mkate. Alieleza barafu. Alieleza pua yake mwenyewe. Dada alisikiliza bila kupepesa, na alipoelewa, hakupiga kelele. Alikitazama kile kipande mkononi mwake, akakitazama upya, kama kwamba kimebadilika kuwa kitu kingine.

"Akila," alisema polepole, "leo hawawezi kumlaza usingizi. Si ndiyo? Mtu akiwa na chakula tumboni hawamkati."

"Dada."

"Nijibu."

"Hawawezi."

"Basi kipande kimoja tu hiki, na mambo yameisha. Wewe hukuja. Mimi sikusikia. Tutapima tena kesho, keshokutwa, tukipenda."

"Mama, nile?" Kicheko aliuliza.

"Subiri, mama."

Maswali alichuchumaa mbele ya dada yake. Huyu ndiye aliyemfunga kamba za viatu, aliyeacha shule yeye mwenyewe ili amsomeshe. Maswali hakuwahi kumkatalia jambo.

"Dada yangu, nisikilize. Kama silia zake ni nzima, basi kile kipande cha pafu kimeoza chenyewe, na kila siku kinaozesha na pembeni yake. Daktari atakuwa na haki ya kukitoa leo, na sisi tutakuwa tumemwachia mtoto maradhi. Mimi sijui. Asubuhi nilidhani najua. Sasa sijui, na daktari anadhani najua. Hilo ndilo siwezi kuliacha."

"Mwezi mzima naomba kisu kisimguse. Umeniletea jibu kwa mikono yako, nikalia kwa furaha mbele za watu. Sasa umekuja kulichukua."

"Nimekuja kutafuta la kweli."

"La kweli!" Dada alicheka kicheko kikavu. "Wewe tangu utoto na maswali yako. Ungekuwa na wako wa kumzaa ungeuliza machache."

Lilimchoma, na dada aliona limemchoma. Akashusha pumzi. Akakirudisha kipande kwenye bahasha, akaikunja, akaikalia, kana kwamba mkate ungeweza kuruka wenyewe ukaingia mdomoni mwa mtoto.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema, akiangalia dirishani. "Nenda kamwambie. Nenda kabla sijabadilika."

Kicheko alianza kulia. Kilio nacho, kama kicheko, kiliishia kwenye kikohozi.

Daktari wa upasuaji alikuwa ukumbini, nje ya chumba cha upasuaji, kofia ya kijani kichwani, akinawa mikono mpaka viwiko.

"Kwenye barafu," daktari alirudia, Maswali alipomaliza kueleza. Alifunga macho kidogo. "Nilipaswa kukuuliza. Nimeona picha nzuri nikasahau kuuliza imepigwaje. Nani mwingine anajua?"

"Dada yangu. Na wewe."

"Na ungeweza kunyamaza." Hakuwa anauliza. "Sikiliza. Naingia sasa na mgonjwa mwingine. Nikitoka, kama huna kitu, zamu ni ya mtoto. Asile, asinywe. Na safari hii nielewe vizuri: zikicheza, nakata."

"Zikicheza sawasawa, daktari."

"Binti, zikicheza ni zikicheza."

Mlango ukafunguka kwa mgongo wake, ukafungika.

Maswali hakurudi na kasha. Chombo bora cha kubebea chembe za pua, aliwaza, ni pua yenyewe. Akamkalisha Kicheko kwenye kiti cha magurudumu, akamfunika blanketi, wakavuka ua wa hospitali mbio, dada nyuma yao akishika bahasha ya mkate kama mtu aliyeshika silaha ambayo bado hajaamua kuitumia.

"Mama mdogo, mnanipeleka kukatwa?"

"Tunakupeleka kuangalia sinema ya pua yako."

"Pua haina sinema."

"Yako inayo. Unaona hizi spoku za gurudumu? Ndani ya kila unyweleo wako wa puani kuna gurudumu kama hili. Pembeni mirija, katikati mirija, na spoku zinaunganisha."

Kicheko aliinama kutazama gurudumu likizunguka. "Basi ndiyo maana makamasi yangu yanakimbia," alisema, na hata dada akashindwa kujizuia.

Maabara ilikuwa baridi, kama siku zote. Kiyoyozi kilinguruma juu ya hadubini. Maswali alimweleza Mzee Barafu kila kitu kwa pumzi moja, pamoja na kosa lake, akisubiri kufokewa. Profesa alimtazama, akamtazama mtoto aliyekuwa anatetemeka ndani ya blanketi. Nywele nyeupe za profesa zilikuwa zimesimama upande mmoja.

"Nami nilikupigia makofi," alisema. Akavuta kiti, akapanda juu yake, akakizima kile kiyoyozi ambacho hakuna aliyekumbuka kimewahi kuzimwa. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko kelele. "Vichupa vya protini viko kwenye friji. Vitavumilia. Fungeni madirisha."

Walipasha kioo joto kwa viganja. Walipasha kichupa cha maji ya chumvi kwa kukibana kwapani. Kwapa lilikuwa la profesa mwenyewe, aliyesema kwamba ana joto la bure ambalo hajawahi kulitumia. Kicheko alitoa pua yake kwa mkataba kwamba atakuwa wa kwanza kuangalia. Kiburashi kiliingia, chafya ikatoka, chembe zikaenda moja kwa moja kwenye kioo chenye joto, na picha ikatokea kwenye skrini kubwa.

Zilikuwa zinacheza.

Zote. Kwa kasi, kwa uhai, kila kundi likitikisika.

"Hizo ni za kwangu?" Kicheko aliruka. "Mama, ona, zinacheza!"

Profesa alisema taratibu, "Zinapiga." Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na sura yake ilijikunja polepole, kama karatasi iliyokaribia moto.

"Haya," alisema. "Si ulitaka la kweli? Hilo hapo. Zinacheza." Aliweka mkono begani mwa mtoto. "Twende, mama. Daktari anatusubiri."

"Dada, ngoja."

"Ningoje nini tena?"

Maswali alikuwa ameikodolea macho skrini. Kulikuwa na kitu katika uchezaji ule. Alipunguza kasi ya picha. Silia nzima huenda kama mkono wa mfagiaji: inanyooka, inapiga mbele kwa nguvu, kisha inajikunja na kurudi chini chini bila kusukuma. Hizi ncha zake zilichora kitu kingine. Zilichora duara. Au alifikiri zilichora duara. Leo asubuhi alikuwa ameona alichotaka kuona, na tazama kilimfikisha wapi. Macho yake hayakuwa mashahidi tena.

Alihitaji kitu kisichotaka lolote.

Akachukua penseli mezani, akakwangua ncha yake kwa wembe mpaka ukadondoka unga mweusi, mwepesi kuliko vumbi. Kisha akajikwaruza pua yake mwenyewe kwa mara ya pili siku hiyo.

"Profesa, hiki kioo ni changu, hiki ni cha mtoto. Nyunyizia unga huu kote kuwili. Halafu nitageuka, uvipange unavyotaka, usiniambie kipi ni kipi. Wala mimi nisiwe wa kusema. Dada aseme."

"Mimi?" dada alishtuka. "Mimi najua nini?"

"Hujui kipi ni cha nani. Ndiyo maana."

Dada alisogea mbele ya skrini kama mtu anayesogelea kisima. Kioo cha kwanza kiliwekwa. Punje nyeusi ziliteleza juu ya silia, zote upande mmoja, moja nyuma ya nyingine, mpaka zikatoka nje ya picha. Nyingine zikaja, nazo zikapelekwa. Kioo cha pili kikawekwa. Dada alitazama. Akasogeza uso karibu.

Punje zilikuwa palepale. Kila moja ilizunguka mahali pake, ikazunguka, ikazunguka, na kila ilipoelekea kuondoka ikarudishwa.

"Zile za kwanza zinafagia," alisema dada. Alinyoosha kidole, nacho kikachora duara hewani bila yeye kujua. "Hizi hazifagii. Hizi zinakoroga tu."

Maswali aligeuka. Profesa alikuwa amekishika kile kioo cha pili kwa ncha za vidole, kama kitu cha kuvunjika.

"Ni cha mtoto," alisema.

Walirudia na chembe nyingine, na nyingine, profesa akichanganya vioo kila mara. Dada hakukosea. Walikuwa bado wanarudia daktari wa upasuaji alipoingia, kofia bado kichwani, jasho shingoni.

"Mgonjwa wangu hayupo wodini," alisema, "na humu mbona joto hivi? Haya. Zinacheza?"

"Zinacheza," Maswali alijibu. "Nakuomba utazame punje. Usitazame silia."

Daktari aliinama. Safari hii alivuta kiti, akakaa.

Alivitazama vioo vyote viwili, akavirudia.

"Vingine vipo?"

Walimwekea vingine. Aliuliza kila kimoja kimeshikwaje, kimetoka wapi, kilipata joto gani. Aliuliza kama mtu aliyeumwa na nyoka na sasa anakagua kila kamba.

"Na moyo?" aliuliza mwisho. "Niambie moyo kwa nini uko kushoto."

Hilo Maswali alikuwa amelijua kwa muda mrefu; ndilo lililomfanya aipende kazi hii. Aliinama kando ya kiti cha magurudumu, akashika gurudumu.

"Protini za kuvuta zinakaa pembeni, hapa. Zina nguvu, lakini nguvu bila habari ni fujo. Spoku ndizo zinazopeleka habari kutoka katikati: vuta huku, sasa achia, vuta kule. Ndipo silia inapiga mbele na kurudi. Kichwa cha spoku kimejengwa kwa protini kadhaa zilizoshikana mikono. Mmoja akipoteza umbo lake, mwenzake hana pa kushika, na kichwa hakikai. Pembeni wanaendelea kuvuta, lakini hakuna wa kuwaambia lini waache. Basi silia inazunguka."

"Na moyo?"

"Mtoto akiwa tumboni, silia zinazoupangia moyo upande wa kukaa zimejengwa tofauti. Hazina mirija ya katikati, hazina spoku. Kuzunguka ndiyo kazi yake. Kwa hiyo spoku zikiharibika, zile hazijui hata kama kuna msiba. Moyo unakwenda kushoto, mapafu yanabaki na mkorogo."

Daktari alivua kofia, akaikunja.

"Nikitoa sehemu ya chini," alisema, akijisemea zaidi, "ile ya juu itafagiwa na ufagio uleule."

"Ndiyo."

"Basi sikati leo." Alisimama. "Hili bado si jibu la kutangaza, mnielewe. Nataka nizione hizo spoku, zipo au hazipo."

"Kuna namna ya kuitia rangi protini ya kichwani mpaka ing'ae. Itachukua siku kadhaa."

"Siku ninazo. Pafu likishatoka halirudi." Alipofika mlangoni aligeuka. "Na binti. Safari nyingine ukija na picha nzuri, anza na ilivyopigwa."

"Nitaanza, daktari."

Alipotoka, dada alikaa chini pale pale sakafuni. Maswali akakaa kando yake.

"Kwa hiyo atapona," dada alisema.

Hapa ndipo ilipokuwa ngumu kuliko kwenye ngazi.

"Hapana, dada. Hakuna dawa ya kuzifanya zifagie. Bado. Atakohoa. Tutamfagilia sisi: dawa ya vijidudu ikihitajika, mvuke wa maji ya chumvi, na kumgonga mgongo kila asubuhi na jioni ili uchafu upande. Kila siku. Lakini atatunza mapafu yake, na wapo wanaozeeka nayo."

"Kila siku," dada alirudia. Akaliweka neno hilo mahali fulani moyoni, pamoja na kazi nyingine za kila siku. "Na wewe utaendelea kuuliza?"

"Nitaendelea kuuliza."

"Maana hilo 'bado' nimelisikia."

"Mama," alisema Kicheko kutoka kwenye kiti chake, akiongea kwa utaratibu wa mtu ambaye uvumilivu umemwisha, "sasa nile, au kuna sinema nyingine?"

Dada aliitazama ile bahasha. Ilikuwa imekunjamana kwa kukaliwa na kubanwa mkononi muda wote huo. Akakitoa kile kipande, siagi imeyeyuka yote, akampa. Mtoto alikula kwa mikono miwili. Kabla ya kumaliza alicheka, kwa sababu Mzee Barafu alikuwa amepanda tena kwenye kiti na alikuwa akikitazama kiyoyozi chake kwa masikitiko, na kicheko kikaingia kwenye kikohozi.

"Kiganja kikunje hivi," Maswali alisema, akauchukua mkono wa dada yake. "Kama unachota maji. Sasa gonga. Kutoka chini kwenda juu."

Dada aligonga, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Sauti ilikuwa nene na tupu. Kicheko alikohoa, akakohoa tena, kitu kikapanda, akakitema kwenye karatasi, akakitazama kwa heshima.

"Kimetoka," alisema, akanyoosha mkono kuchukua mkate uliobaki.